Hesabu ya Angani na Hesabu ya Ardhini

Maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wenyeji wa Kiritiri juu ya ndege kubwa za mabomu, Ulaya na katika Mlima Kenya



Nimeombwa niseme nanyi juu ya ndege kubwa za mabomu: jinsi Wamarekani walivyoanza kuzituma juu ya nchi za Ulaya zilizokuwa zimetekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, na jinsi ndege za namna hiyo zilivyofika hata kwetu. Huenda mmoja wenu asema moyoni mwake, "Sisi ni watu wa mtama na ndengu. Mambo ya anga ya Ulaya yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake haliko mbali. Simama hapa Kiritiri asubuhi mapema, kabla mawingu hayajapanda, utazame upande wa kaskazini, kidogo kuelekea magharibi. Utauona Mlima Kenya. Juu ya misitu ya mlima ule, na ya Nyandarua, tangu Novemba 1953 hata Julai 1955, zilipita ndege za injini nne zilizobeba mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Bomu moja la ratili 1,000 ni uzito wa magunia matano ya mahindi.

Nitasema mambo mengi, lakini neno langu ni moja tu. Mwenye kutupa bomu ana hesabu yake, na aliyeko chini ana hesabu yake. Hesabu hizo mbili zisipowekwa pamoja na kulinganishwa, kweli hupotea. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Vita navyo ni vivyo hivyo.

NDEGE KUMI NA MBILI ZA KWANZA

Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi wa Desemba 1941. Mwaka uliofuata majeshi yake ya anga yakafika Uingereza, yakiwa na ndege iitwayo B-17, ambayo wenyewe waliipa jina la Ngome Irukayo. Ilikuwa na injini nne, watu wapatao kumi ndani yake, na bunduki za rashasha zilizoelekezwa mbele, nyuma, juu, chini na ubavuni.

Tarehe 17 Agosti 1942 ndege kumi na mbili za namna hiyo ziliruka kutoka Uingereza kwenda Rouen, katika nchi ya Ufaransa. Shabaha yao ilikuwa uwanja wa reli wa Sotteville, mahali ambapo mabehewa ya garimoshi hupangwa na kutengenezwa. Mkuu wao, Jenerali Ira Eaker, alikwenda pamoja nao ndani ya ndege mojawapo. Walitupa mabomu yapata tani 18 kutoka kimo cha futi 23,000 hivi. Ili mpate kukielewa kimo hicho, kumbukeni kuwa kilele cha Mlima Kenya ni futi 17,058. Basi watu wale walikuwa juu ya shabaha yao kuliko ndege ambayo ingeupita mlima wetu na kubakiza futi elfu kadhaa katikati.

Ndege zote kumi na mbili zilirudi salama, na furaha ikawa kubwa. Karibu nusu ya mabomu ilianguka katika eneo lililokusudiwa, na kwa kazi ya kwanza jambo hilo lilihesabiwa kuwa jema. Lakini tusiipite nusu ya pili upesi. Nusu ya pili nayo ilianguka mahali, na kila mahali katika nchi ya watu pana mwenyewe.

Wamarekani walikuwa na tumaini kubwa. Walikuwa na darubini ya kulengea iliyoitwa Norden, na watu walijisifu kwamba kwa darubini hiyo mtu aliye juu sana angeweza kutia bomu ndani ya pipa. Kwa sababu hiyo walitaka kupiga mchana, wakiiona shabaha. Waingereza walikuwa wamekwisha kuchagua usiku, kwa kuwa mchana walipoteza ndege nyingi mno. Lakini usiku nao una hila zake. Mwezi wa Agosti 1941 Waingereza walichunguza picha zilizopigwa na ndege zao wenyewe wakati wa kutupa mabomu. Wakagundua kwamba katika ndege zilizoandikwa kuwa zimepiga shabaha, ni moja tu katika kila tatu iliyokuwa imefika karibu na shabaha hiyo kwa maili tano. Juu ya bonde la viwanda la Ruhr ilikuwa moja katika kumi. Maili tano, mabwana! Ni kama mtu aliyetumwa kutupa jiwe katika boma la jirani, akalitupa katika kata nyingine, kisha akarudi na kusema kazi imekwisha.

Tena hawakuwa waongo. Waliandika walichoamini. Hapo ndipo penye funzo.

MASHAHIDI KUMI WA NDEGE MOJA

Tarehe 9 Oktoba 1942 Wamarekani walituma ndege kubwa 108 kwenda Lille, mji mwingine wa Ufaransa, kupiga viwanda vya chuma na vya vichwa vya garimoshi. Ndege ndogo za Wajerumani zikaja kuwazuia, vita vikawa vikali. Waliporudi, wapiga bunduki waliulizwa wameangusha ndege ngapi za adui, na hesabu yao ya kwanza ikapita 50. Wakuu waliitazama kwa shaka, wakaipunguza, kisha wakaipunguza tena. Vita vilipokwisha, madaftari ya Wajerumani yakafunguliwa, na yakaonyesha kwamba ndege walizopoteza siku ile hazikufika hata kumi.

Ilikuwaje? Si vigumu kufahamu. Fikirini bunduki nyingi zikiielekea ndege moja kwa nukta chache. Ndege ile yashika moto. Kila mwenye bunduki aiona ikianguka, na kila mmoja asema kwa moyo safi, "Mimi ndiye niliyeipiga." Ndege moja yawa kumi katika daftari. Na nyingine yapiga mbizi na kutoa moshi, yahesabiwa kuwa imekufa, kumbe rubani wake yuko chini anakunywa kahawa.

Huko Lille mabomu mengine yalianguka nje ya viwanda, katika nyumba za raia. Wafaransa hao hawakuwa adui. Walikuwa wafungwa katika nchi yao wenyewe, na ndege zile zilikuja kuwaokoa. Katika vita vyote, raia wa Ufaransa waliokufa kwa mabomu ya rafiki zao walizidi 50,000. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hazihesabiwi kutoka juu, kwa maana kutoka juu nyasi zote ni rangi moja.

Nisiwe mwenye upendeleo. Vijana wa Kimarekani waliorushwa kazini walilipa bei kubwa. Tarehe 17 Agosti 1943, mwaka mmoja kamili tangu siku ya Rouen, ndege 376 zilitumwa Schweinfurt na Regensburg ndani ya Ujerumani. Sitini hazikurudi. Tarehe 14 Oktoba 1943 walikwenda tena Schweinfurt na ndege 291, na sitini nyingine zikapotea. Hesabuni wenyewe: ndege sitini, na katika kila moja watu kumi. Ni kama vijana 600 kwa siku moja, wengine wamekufa, wengine wametekwa. Baadaye, mwaka 1944, zilipopatikana ndege ndogo za kuwalinda zenye uwezo wa kwenda mbali, nguvu ya anga ya Wajerumani ilivunjika, na kazi ya mabomu ikasaidia kumaliza vita. Hayo ni kweli nayo yasemwe. Lakini ni kweli pia kwamba miaka ile ya mwanzo, yaliyosemwa yalikuwa makubwa kuliko yaliyotendeka.

NDEGE ZAFIKA KENYA

Sasa tuvuke bahari turudi nyumbani.

Bomu halikuwa geni kabisa katika Kenya. Mwaka 1940 ndege za Waitaliano zilitupa mabomu Wajir na Malindi. Lakini huyo alikuwa adui atokaye nje. Mabomu ninayotaka kuyasema yalitupwa na Serikali iliyokuwa ikitawala nchi hii, ndani ya nchi hii, juu ya watu wa nchi hii.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa chini ya sheria za namna moja. Nanyi watu wa Mbeere, mkiwa katika Wilaya ya Embu, mlizipata sheria hizo ijapokuwa nyumba zenu zilikuwa mbali na msitu. Mwanzoni mwa mwaka 1953 misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikafanywa eneo lililokatazwa. Maana yake ni kwamba mtu aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina lake.

Mwaka huohuo zikaletwa ndege ndogo ziitwazo Harvard, ambazo zilikuwa zimetengenezwa kwa kufundishia marubani. Zikafungwa bunduki na mabomu madogo ya ratili 20, uzito wa nusu debe la mahindi. Kisha, mwezi wa Novemba 1953, zikaja zile kubwa zenyewe, Lincoln, zikikaa katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, ambao baadaye uliitwa Kituo cha Anga cha Moi.

Lincoln ilikuwa ndugu mdogo wa Lancaster, ndege iliyopiga miji ya Ujerumani usiku. Ilirushwa mara ya kwanza mwaka 1944, ikachelewa vita vya Ulaya. Ilikuwa na injini nne, watu saba, na nguvu ya kubeba ratili 14,000 za mabomu, yaani uzito wa magunia 70. Chombo hicho kilifanyizwa kwa kupigia viwanda, bandari na reli. Kilipofika Kenya hakikukuta kiwanda wala bandari ya adui. Kilikuta mianzi.

MSITU HAUNA PAA

Tufikiri kidogo juu ya kazi waliyopewa marubani wale. Huko Rouen shabaha ilikuwa uwanja wa reli. Hauhami, una umbo, na reli zake hung'aa juani. Hata hivyo nusu ya mabomu ilikosa. Katika Mlima Kenya shabaha ilikuwa kambi ya watu mia, au ishirini, au watano, waliolala chini ya miti na kuondoka kabla ya mapambazuko. Msitu hauna paa la bati la kuonekana. Mawingu hushuka juu ya mlima mapema mchana. Mabonde yake ni marefu na yamefunikwa. Bomu linapoingia katika udongo laini wa msituni, kati ya mianzi iliyoshonana, nguvu yake humezwa na udongo na mianzi, isifike mbali.

Tena watu waliokuwa chini hawakuwa wajinga wa vita. Mkuu wa wapiganaji wa Mlima Kenya, Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa koplo katika Keya, naye alipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko Burma askari wetu walijifunza maana ya msitu na maana ya ndege. Walijua kwamba moshi ni barua impelekeayo rubani habari, na kwamba nguo nyeupe iliyoanikwa ni bendera. Walijua kwamba sauti ya ndege kubwa hutangulia mbele ya ndege yenyewe, na mwenye masikio ana nafasi ya kutawanyika. Mambo waliyofundishwa ili wamsaidie Mfalme wa Uingereza, wengine wao waliyatumia kujificha na ndege za Malkia, binti yake.

Lakini wanyama hawakufundishwa Burma. Tembo, nyati na vifaru walijeruhiwa na mabomu, na mnyama aliyejeruhiwa hana urafiki na mtu yeyote, awe askari, awe mpiganaji, awe mama aendaye kutafuta kuni ukingoni.

HESABU ILIANDIKWAJE?

Kufika Juni 1954, upande wa Serikali ulikadiria kwamba watu karibu 900 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa kwa mashambulio ya angani. Hesabu hiyo ilipatikanaje? Hakuna aliyeshuka kutoka katika ndege akahesabu. Sehemu yake kubwa ilitokana na maneno ya mateka waliohojiwa baadaye. Na mtu aliyefungwa, akiulizwa kama mabomu yameua wengi, hutazama kwanza uso wa anayeuliza kabla hajajibu.

Kwa upande wa pili, wapiganaji walioandika vitabu baada ya vita walieleza kwamba mabomu yaliwatia watu hofu, yalivunja usingizi, yalifukuza vikundi kutoka kambi moja hata nyingine, lakini wale waliouawa nayo hawakuwa wengi kama kelele zake. Nao pia tusiwapokee bila kupima. Mpiganaji naye ana fahari yake, hapendi kusema kwamba adui alimwumiza sana. Ndiyo maana nasema hesabu mbili, wala sisemi moja.

Tukizilinganisha twaona hivi. Bomu lilikuwa na kazi, na kazi yake kubwa ilikuwa hofu na uchovu. Lakini vita vya msituni havikumalizwa na bomu. Jenerali China hakukamatwa kwa ndege. Alijeruhiwa katika mapigano ya ardhini, akatiwa mkononi mwezi wa Januari 1954. Ndege za Lincoln zilikwisha kazi Julai 1955, na Dedan Kimathi alikuwa bado msituni. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, na waliomkamata walikuwa watu wenye miguu, waliokaa ukingoni mwa msitu wakimngojea.

Kilichowashinda watu wa msituni kilikuwa njaa. Na njaa haikutoka angani. Ilitoka katika handaki refu lililochimbwa ukingoni mwa msitu kwa mikono ya raia, wengi wao wanawake, wakichimba bila ujira. Ilitoka katika amri ya mwaka 1954 iliyokusanya watu katika vijiji vya kulindwa, vyenye handaki na lango, ambapo mama hakuweza kwenda shambani kwake ila kwa saa alizopewa. Ilitoka katika kambi za vizuizi, na baadhi yake zilikuwa Mwea, wakati ule ikiwa ndani ya Wilaya ya Embu, mahali ambapo wafungwa walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Mchele wa Mwea ulionunuliwa na watu wengi tangu hapo una historia hiyo ndani yake.

Katika vitabu vya anga mtasoma idadi ya ndege, ya safari na ya ratili. Handaki hamtaliona humo, kwa kuwa handaki halikuwa kazi ya rubani. Mama aliyelichimba ndiye mwenye ukurasa huo.

KARATASI KUTOKA ANGANI

Yako mambo mengine yaliyotoka angani, nayo yanigusa mimi kwa sababu ya kazi yangu, kwa maana mimi ni mfasiri.

Ndege zilitupa vikaratasi juu ya misitu na juu ya vijiji, na nyingine zilifungwa vipaza sauti zikapita zikisema na watu walioko chini. Mwezi wa Agosti 1953 wapiganaji waliambiwa kwamba atakayetoka akishika tawi la kijani mkononi hatapigwa. Mwezi wa Januari 1955 Gavana alitangaza tena masharti ya kujisalimisha, na vikaratasi vikamwagwa.

Nimefikiri mara nyingi juu ya mtu aliyekaa mezani kufasiri maneno yale. Atachagua neno gani? Akisema "salimu amri," msikiaji asikia kushindwa. Akisema "rudi nyumbani," msikiaji auliza, "Nyumba ipi? Iliyochomwa?" Akisema "hutadhuriwa," basi neno hilo lahitaji mdhamini, na mdhamini wa neno ni tendo. Jumatatu ndege yatupa bomu, Jumanne ndege yatupa karatasi ya amani, na mlio wa injini ni uleule. Aliye chini ya mwanzi atajuaje ya leo ni ipi? Wako waliookota karatasi wakatoka, na wako walioogopa kuiokota kwa kuwa kukutwa nayo kungewaletea kifo kwa wenzao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi nanyi vijana mnaosoma, na ambao kesho mtakuwa makarani, walimu na waandishi, likumbukeni jambo hili. Neno lililotupwa kutoka juu halina budi kusadikiwa chini, au sivyo ni takataka ya msituni.

DAFTARI MBILI ZILIPOKUTANA

Huenda mwasema, "Mambo haya yamepita, ya nini kuyachimbua?" Nitawapa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya usalama wa miili yenu. Katika kila vita lipo fungu la mabomu ambalo huanguka lisilipuke. Ufaransa na Ujerumani, baada ya miaka zaidi ya 70, wakulima na wajenzi waliendelea kuyafukua, na mitaa mizima ikahamishwa kwa muda ili mafundi wayaondoe. Bomu la zamani huota kutu nje, lakini ndani halizeeki kama mtu anavyozeeka. Kwa hiyo mwenye jamaa ukingoni mwa msitu wa mlima, au kijana aendaye huko kwa kuni, asali au malisho, ashike neno hili: ukiona chuma kizito chenye umbo la chupa au la mtungi, chenye mapezi au chenye kutu, usikiguse, usikipige kwa jiwe, usikichukue kumwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, waondoe watoto, kampashe habari Chifu au polisi. Bei ya kilo chache za chuma hailingani na mkono wa mtoto.

Sababu ya pili ni ya haki. Sheria iliyowapiga marufuku Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003, miaka 40 tangu uhuru. Kisha wazee waliokuwa wameteswa katika kambi za vizuizi walikwenda mpaka Mahakama Kuu ya London. Kwa miaka mingi watu waliwaambia kwamba hakuna karatasi za kuthibitisha maneno yao. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba mafaili yapata 1,500 ya habari za Kenya, yaliyosafirishwa wakati wa uhuru, yalikuwa yamehifadhiwa mahali paitwapo Hanslope Park, Uingereza. Mafaili yakafunguliwa. Yaliyoandikwa na wakubwa na yaliyosemwa na wazee yakawekwa mezani pamoja, nayo yakapatana. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ikasema bungeni kwamba yasikitika kwa mateso yale, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228.

Zingatieni jambo hilo. Karatasi peke yake zingalikaa gizani. Maneno ya wazee peke yake yangaliitwa hadithi. Daftari mbili zilipokutana, wakubwa wa dunia waliketi wakasikiliza.

Lakini fidia ile ilikuwa ya mateso ya kambini. Juu ya mabomu, hesabu ya ardhini haijakusanywa vema. Madaftari ya marubani yapo, na idadi ya ratili imeandikwa. Ila yule mama aliyesimama na jembe lake akasikiliza mlio ule, mchungaji aliyepoteza ng'ombe waliokimbia, mtoto aliyelala chini ya kitanda cha kamba, mpiganaji aliyemzika mwenzake chini ya mwanzi bila alama, hao wameandikwa wapi? Aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1954 amekwisha pita 80. Kila mwaka tunawazika, na pamoja na kila mmoja twazika ukurasa.

Basi ombi langu kwenu, watu wa Kiritiri na Mbeere yote, si kubwa. Mwanafunzi na achukue daftari la bei nafuu. Aende kwa babu au bibi yake jioni, wakati wa kupukuchua mahindi au kuchambua ndengu. Asimwulize kama mahakimu wanavyouliza. Amwulize, "Bibi, ulipoisikia ndege mara ya kwanza, ulikuwa unafanya nini?" Kisha anyamaze, aandike. Aandike kwa Kimbeere, kwa Kiembu, kwa Kimeru, au kwa Kiswahili, lugha ile ambayo mzee anasema bila kutafuta maneno. Aandike pia jina la mahali, na kama ni kabla au baada ya mvua, kwa kuwa wazee wetu huzikumbuka mvua kuliko tarehe. Na akisikia jambo lisilopendeza upande wake mwenyewe, aliandike vilevile. Walikuwako Waembu msituni, na walikuwako Waembu katika Homgadi, na wajukuu wao wanakaa dawati moja. Anayeandika upande mmoja tu amerudia kosa lilelile la mtu wa angani.

Rubani wa Rouen alirudi nyumbani akiwa na hesabu yake, na rubani wa Eastleigh vilevile. Walikuwa futi maelfu juu, na kutoka huko waliandika walichoweza kuona. Hatuwezi kuwalaumu kwa kutokuona uso wa mtu. Lakini sisi tuliozaliwa na watu hao waliokuwa chini tutalaumiwa, tukiacha daftari letu tupu.